Sikio la Meza ya Nne

Shangazi yangu hakuwahi kununua kikombe bila kukigonga kwanza. Tukiingia dukani, alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya vyombo, akachomoa mkobani mpini wa mwiko uliovunjika zamani, akaanza: tin, tin, tin, ko. "Hiki kina ufa," anasema. Muuzaji anakigeuzageuza kwenye mwanga, haoni kitu, anaapa hadi mate yanamkauka. Shangazi anamwambia amimine maji ya moto tuone. Mwenye duka wa kwanza alikubali, kikombe kikapasuka, akabaki ameshika mkono wa kikombe tu. Wengine habari ziliwafikia, kwa hiyo wakimwona anavuka barabara, ghafla wanakumbuka kazi nyingi huko nyuma ya duka.

Nyumbani kwetu hapakuwa na kikombe chenye ufa, sahani yenye ufa, wala mtu mwenye ufa ambaye hakuambiwa. Mchumba wangu wa kwanza alipokuja kujitambulisha, alikunywa chai, akaongea vizuri, akaaga kwa adabu zote. Shangazi akakusanya vyombo, akaniambia, "Vikombe vyote vizima. Mgeni ndiye sina uhakika naye." Nilinuna wiki nzima. Miezi mitatu baadaye ikajulikana kwamba kijana yule alikuwa amejitambulisha katika nyumba nyingine mbili, na kote huko pia aliongea vizuri.

Sikio hilo ndilo lililokuwa likimlisha. Kwa miaka ishirini na saba alikaa meza ya nne katika kiwanda cha vigae, katikati ya tanuri na ghala, na hakuna kigae kilichoingia kwenye boksi bila kupita mkononi mwake. Anagonga, anasikiliza, anaweka. Kinacholia kinakwenda kulia, kisicholia kinakwenda kushoto. Vya kulia aliviita hai, vya kushoto wafu. Boksi likijaa vilivyo hai, alilifunga na kulitia nukta moja ya chaki pembeni, ndogo kama punje ya mtama. Wafanyakazi walimwita Daktari, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu hakuwa na huruma.

Ni yeye aliyenilea, na ni yeye aliyenitafutia ukarani hapo kiwandani. Nalisema hili mapema, ili mtakaponisikia namcheka Meneja mjue kwamba na mimi nilikuwemo.

Kiwanda chetu hakikuwa na makuu. Kigae kikivunjika kabla ya kuchomwa, kilirudishwa kwenye tangi, kikaloa, kikawa uji wa udongo, kikaanza maisha upya. Kikipata ufa ndani ya tanuri, hakiwezi tena kulainika, kwa hiyo wafu wote wa Shangazi walikwenda kwenye kinu, wakasagwa unga. Ndoo moja ya unga huo ilichanganywa na ndoo tisa za udongo mpya, na vigae vilivyotokana na mchanganyiko huo vilisinyaa kidogo na kupasuka mara chache. Hata vumbi la sakafuni lilifagiliwa likarudi tangini. Hatukuwa na jina la jambo hilo. Tulifanya hivyo kwa sababu udongo ulichimbwa mbali na lori letu lilikuwa linaharibika kila mlima.

Kinuni alikaa mzee mmoja tuliyemwita Kipaza. Alikuwa akiongea kwa sauti ya kuamsha mtaa, maana kinu kilikuwa kimekula masikio yake yote mawili, na ukitaka kumsalimia ilibidi uvute pumzi kwanza. Kila mtu kiwandani alijua kinu kinafanya nini. Ndiyo maana hakuna aliyeomba kuhamishiwa huko.

Kisha akaja Mtaalamu.

Alikuja na kompyuta nyembamba, viatu visivyojua vumbi, na neno jipya: uchumi wa mzunguko. Alitueleza kwa saa mbili kwamba duniani sasa watu wenye akili hawatupi vitu, wanavirudisha kazini. Fundi wa tanuri akauliza kama ni sawa na tunavyofanya na wafu. Mtaalamu akatabasamu kwa upole, kama anavyotabasamu mtu aliyeulizwa na mtoto kama mwezi unamfuata, akasema hapana, hili ni suala la kitaalamu.

Meneja alichanganyikiwa kwa furaha. Kulikuwa na cheti. Kiwanda kinachopata cheti hicho kinabandika nembo ya jani la kijani kwenye kila boksi, na Meneja alikuwa na udhaifu na vitu vya kubandika. Akaniagiza nimpe Mtaalamu vitabu vyangu vyote vya taka.

Sasa vitabu vyangu vilikuwa hivi: kila kigae kilichokufa kiliandikwa pale kilipoonekana. Kilipoonekana ni meza ya nne. Mtaalamu akavisoma siku tatu, akatengeneza chati ya duara, nami ndiye niliyeichapa kwa rangi. Kipande kikubwa chekundu, asilimia tisini na moja, kiliandikwa "Meza ya Nne". Nilikiona. Nilijua kabisa kwamba ni kosa. Nikanyoosha karatasi pembe, nikatoa nakala kumi na tano.

Mkutanoni Mtaalamu aliugusa wekundu ule kwa kalamu. "Kama mnavyoona, taka nyingi sana zinazalishwa hapa."

Shangazi akainua mkono. "Samahani, baba. Mimi sizalishi kitu. Ufa unaingia tanurini, hasa wakiharakisha kupoza. Mimi nausikia tu."

"Mama, hatumlaumu mtu hapa. Tunazungumzia mfumo."

"Mfumo ndio mimi? Maana pale mezani niko peke yangu."

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. "Takwimu hazina ugomvi na mtu, mama," akasema, na akanitazama mimi, mwenye takwimu, niunge mkono. Nilikuwa na la kusema, lilikuwa limenifika kooni. Nikalimeza pamoja na mate. Nikasema chati imechapwa vizuri.

Basi meza ya nne ikaondolewa. Ni sawa na mtu kuvunja kioo ili apone chunusi, lakini mwezi uliofuata taka zikashuka kweli, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuzisikia. Vigae vilitoka tanurini vikaingia kwenye maboksi, hai na wafu pamoja kama abiria. Langoni pakasimamishwa ubao: TAKA MWEZI HUU, na chini yake sifuri kubwa nyeupe. Meneja alipiga picha pale akiwa peke yake, akapiga na Mtaalamu, akapiga na mlinzi. Kuanzia siku hiyo wafanyakazi wakamwita Bwana Sifuri, na yeye akadhani ni sifa.

Tatizo likajitokeza upande wa pili. Cheti kilitaka kila kigae kiwe na sehemu moja ya kumi iliyotokana na vigae vya zamani. Unga wa wafu, yaani. Lakini wafu hawakuwepo tena, tumeshawatokomeza kwa chati. Kinu kikakaa siku nne bila kazi, na Kipaza akakaa kando yake akiuliza kila anayepita, kwa sauti ya kufika lango kuu, kama kuna msiba.

Siku ya tano suluhisho likapatikana, maana tulikuwa na watu wawili wenye akili kiwandani. Kila asubuhi, paleti moja kati ya kumi zilizotoka tanurini ipelekwe kinuni, ivunjwe. Vigae vipya, vyenye joto bado. Vikivunjwa vinakuwa malighafi, vikiwa malighafi si taka, na sifuri inabaki langoni ikipendeza. Nani atavunja? Meneja akasema kwa bahati nzuri tuna mama mmoja ambaye kwa sasa hana meza.

Kwa haki niseme kwamba walimpa nyundo mpya na viziba masikio vya rangi ya njano. Mtaalamu mwenyewe alisisitiza viziba hivyo. Afya ya mfanyakazi ilikuwa na ukurasa wake kwenye fomu.

Shangazi alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu. Siku hiyo aliporudi nyumbani alikaa jikoni na nyundo ile mapajani, akiitazama. "Miaka ishirini na saba natafuta vizima," akasema. "Leo nimeambiwa nivivunje hivyohivyo." Nikamchemshia chai.

Wiki ya pili nilishuka kinuni kuchukua hesabu ya ndoo. Kelele ilikuwa ya kukusahaulisha jina lako. Kipaza alikuwa akimwaga vipande, na kando yake, hatua mbili kutoka kwenye kinu, Shangazi ameinamia kigae, ule mpini wa mwiko mkononi, sikio limekaribia kukigusa. Viziba vya njano vilikuwa vinaning'inia shingoni kama shanga. Aligonga, akasubiri, akagonga tena. Kisha akakiweka kulia. Kilichofuata alikipiga nyundo.

Nilielewa palepale. Alikuwa anavunja wafu peke yao. Vilivyo hai alivirudisha kwenye maboksi, anatia nukta yake ya chaki, na dereva wa foko, ile gari ya kunyanyulia paleti, ambaye alikuwa akimheshimu kuliko alivyomheshimu baba yake, alivipeleka ghalani na kumletea paleti nyingine mpaka wafu watoshe. Alikuwa ameifufua meza ya nne, ila bila meza.

Jioni nilimkalisha chini.

"Shangazi, vile vya masikioni si umepewa?"

"Nimepewa. Nikavaa. Nikavua."

"Kwa nini?"

"Nikivaa sisikii."

"Ndiyo kazi yake hiyo, usisikie! Hujamwona Kipaza?"

"Sasa nikiwa sisikii nitajuaje kipi hai?"

"Umeambiwa uvunje vyote, Shangazi. Vunja vyote. Miezi saba si mingi, unamaliza, unakuja kukaa hapa na masikio yako."

Alinitazama kama nimemwambia avunje vikombe vya kabatini. "Mwanangu, kigae kimechimbwa mlimani, kimekanyagwa, kimekaushwa, kimelala motoni, kimetoka salama. Mimi nani nikipige nyundo kwa ajili ya jani la kijani?"

"Basi niende kwa Meneja nikamweleze."

"Ulikuwa naye chumba kimoja siku ya ile chati," akasema. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda Jumatatu, na Jumatatu nyingi zikapita, kila moja na sababu yake nzuri. Nilikipenda kiti changu, kilikuwa na magurudumu. Nawaambia ukweli, niliogopa, na woga wangu niliuvalisha nguo za busara.

Nyumbani redio ikaanza kupanda sauti kidogokidogo. Birika likipiga filimbi, mimi ndiye niliyeinuka. Siku moja alituambia mimi na binamu yangu, "Siku hizi mnanong'ona sana humu ndani, mmeanza kuniteta?" Tulikuwa tunabishana hadi jirani amefungua dirisha. Binamu akacheka. Mimi nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Wakati huohuo, wafu walianza kurudi. Mtu aliweka vigae vyetu bafuni, mguu wa kwanza ukatoa mlio kama biskuti. Mwingine alifungua maboksi sita akapata vigae vizima vya kutosha choo. Waliyarudisha kwa malori, wakiwa na maneno ambayo sikuyaandika kitabuni. Bwana Sifuri akaingiwa na hofu kwa muda wa kama dakika kumi, kisha Mtaalamu akamweleza kwamba vigae vikirudi kutoka kwa wateja, kwenye fomu vinaitwa malighafi iliyokusanywa kutoka kwa jamii, na vina alama zake za ziada. Meneja alifurahi sana. Nusura atume barua za shukrani kwa waliotukana.

Mkaguzi wa cheti alikuja mwezi wa sita. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye daftari la kawaida na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Meneja alimpitisha langoni akaone sifuri. Akaiona, akapita. Alikwenda kusimama mbele ya mlima wa maboksi yaliyorudishwa, akaanza kuyazunguka, akiinama hapa na pale. Halafu akaingia ghalani, akazunguka huko nako.

"Huko ghalani kuna maboksi yana nukta ya chaki," akasema. "Kwenye haya yaliyorudi sijaona hata moja lenye nukta. Hiyo nukta ni nini?"

Meneja akatoa macho. Miaka tisa ameongoza kiwanda kile na hakuwahi kuiona. "Huo," akasema, "ni mfumo wetu wa ndani."

"Unafanyaje kazi?"

"Kwa ndani," akasema Meneja.

Mkaguzi akanigeukia mimi. "Karani, wewe unajua?"

Safari hii sikumeza. Nilikwenda ofisini nikaleta vitabu vyote, vya miaka, nikamwonyesha. Nikasema meza ya nne haikuwahi kuzalisha taka, ilikuwa inazikamata. Nikasema chati ile niliichapa nikijua ni ya uongo. Nikamshusha hadi kinuni akamwone mwenye nukta. Nilijisikia shujaa kidogo, ushujaa wa mtu anayekuja na ndoo ya maji nyumba imeshakuwa majivu.

Mkaguzi alimtazama Shangazi akigonga kwa muda mrefu. Akaandika. Akauliza kwa nini amevua viziba. Shangazi akasema, "Eti?" Akamuuliza mara ya pili, Shangazi akatikisa kichwa kwa heshima na kuendelea na kazi. Mkaguzi alidhani ni kelele ya kinu.

Jibu lilikuja: cheti kitatolewa meza ya nne ikirudishwa, na mtindo wa kuvunja vizima ukome. Kwenye ripoti ya kiwanda, ambayo niliandikiwa nichape, jambo hilo liliitwa Kituo cha Kusikiliza Vigae, ubunifu wa uongozi kwa kushirikiana na Mtaalamu. Mtaalamu alikuwa ameshaanza kusema kwamba yeye tangu mwanzo alilitilia wasiwasi lile duara jekundu.

Siku ya kurudisha meza ilipambwa kama harusi. Utepe wa kijani, soda, viti vya kukodi, na ubao wa sifuri ukahamishwa kutoka langoni ili uonekane kwenye picha. Kinu kilizimwa kwa heshima ya wageni. Meza yenyewe ilikuwa ileile ya zamani, imepakwa rangi. Shangazi alivaa gauni lake la buluu la sherehe za watu, akakaa mahali pake, mikono juu ya meza, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ile nyundo. Alikuwa amerudi kwake. Ndicho alichokitaka tu, miezi miwili ya mwisho akiwa mahali pake.

Bwana Sifuri alihutubia. "Ndugu zangu," akasema, "katika mradi huu, naomba niseme kwa kujivunia, hakuna chochote kilichopotea kiwandani hapa." Makofi. Akakata utepe. Akampa Shangazi kigae cha kwanza kwa mikono miwili, wapiga picha wakasogea.

Shangazi akatoa mpini wake wa mwiko. Watu wakanyamaza. Akagonga.

Ko.

Hata mlinzi aliyekuwa mlangoni alikisikia. Kilikuwa kimekufa, kimekufa kabisa. Shangazi aliinamisha kichwa, akagonga tena. Ko. Niliona macho yake yakiinuka polepole, yakipita kwenye nyuso za watu, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyesahau nyumba na anasoma namba za milango. Nyuso zote zilikuwa zinatabasamu, maana kulikuwa na kamera. Akatabasamu na yeye. Akakiweka kulia, upande wa walio hai.

Makofi yakalipuka. Meneja alipiga zaidi ya wote. Hakuna aliyejua kwamba hakuusikia mlio ule, isipokuwa mimi na Kipaza. Yeye hakusikia mlio wala makofi. Alikuwa amesimama nyuma akimwangalia Shangazi usoni, na hakupiga makofi.

Wageni wakaenda kwenye soda. Nilisogea mezani. Shangazi alikuwa amechukua kigae cha pili, amekigonga, kikalia tin, na bado amekibandika kabisa sikioni. Alinishika mkono, akaniuliza jambo ambalo kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kumuuliza mtu yeyote.

"Mwanangu, hiki ki hai?"

Kumjibu ingenibidi nipige kelele kama ninavyomsalimia Kipaza, na Meneja alikuwa hatua tatu tu na chupa yake ya soda. Nikachukua kigae cha pili, nikakiweka kulia. Kisha nikachukua kile cha kwanza, kile cha makofi, nikakihamishia kushoto.

Shangazi aliuangalia mkono wangu ulipokwenda. Akavuta kiti cha jirani, akakipangusa kwa kiganja, akanionyesha nikae, halafu akachukua kigae cha tatu.